Nyuzi 25 hazimtoshi diskasi
Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo huamini kwamba samaki yeyote wa maji ya joto hutosheka na nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Kwa diskasi, samaki bapa mwenyeji wa bonde la Amazoni, hiyo ni baridi. Yeye anataka 28 hadi 30. Maji yakipoa hula kwa shida, rangi hufifia au kuwa nyeusi, na maradhi humwingia upesi.

Ila kupandisha hita, kifaa cha kupasha maji joto, tu hakutoshi: kadiri joto linavyozidi ndivyo oksijeni inavyopungua majini, kwa hiyo pampu ya hewa ni muhimu. Neoni, samaki mdogo wa rangi, usimweke pamoja na diskasi, kwani hupenda maji ya baridi kidogo; kadinali, samaki anayefanana na neoni, anafaa. Na namba za joto zilizoandikwa kwenye hita, kwa maoni yangu, zisiaminiwe. Tumbukiza kipimajoto.