Tairodi endi za lori: shughuli yote iko kwenye tepa

Usukani ukilegea katikati, ukaugeuza kidogo na gari lisiitikie, wengi huanza kuilaumu steringi boksi. Mimi huanza chini, kwenye tairodi endi, yaani jointi za ncha mbili za fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, kwa sababu ni rahisi kuzipima na mara nyingi ndizo zilizochoka.

Magurudumu yakiwa ardhini, mwenzako aucheze usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi. Wewe weka vidole juu ya kila jointi. Iliyokufa utaihisi: fimbo inasogea kwanza, mkono wa gurudumu unafuata baadaye. Halafu piga jeki, weka stendi imara chini ya ekseli, ushike tairi ubavuni kushoto na kulia. Mchezo hapo mara nyingi huwa wa tairodi. Ukilishika juu na chini likacheza, shuku beringi, kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) au boljointi; mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi.

Kwenye fimbo nyingi za malori, endi moja ina thredi za kushoto na nyingine za kulia, hivyo nunua moja ya kila upande. Kabla ya kulegeza chochote, pima kutoka katikati ya jointi moja hadi katikati ya nyingine, uandike milimita. Kuhesabu mizunguko wakati wa kufungua kunasaidia, ila endi mpya ikiwa ndefu au fupi kuliko ya zamani, hesabu hiyo itakudanganya. Kipimo hakidanganyi.

Sasa tepa. Shina la jointi limechongwa likawa jembamba kuelekea kwenye nati, na tundu lake vivyo hivyo. Kinachoshika ni mbano wa chuma kwa chuma. Kazi ya nati ni kuvuta tu. Ndiyo maana shina halitoki hata nati ikifunguliwa. Toa splitipini, ile pini inayozuia nati isijifungue, kisha legeza nati lakini iache kwenye thredi chache ili fimbo isikudondokee. Usigonge ncha ya shina, itatanuka na nati haitapita. Shikiza nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, yaani sehemu yenye tundu, ugonge upande wa pili kwa nguvu. Tundu hubonyea kwa nukta moja na tepa huachia. Mlio wenyewe hubadilika. Ikikaidi, funga pula (kifaa cha kusukumia shina litoke), ikaze, ndipo ugonge tena. Uma wa kutenganishia huchana buti ya mpira, kwa hiyo utumie kwa jointi unayoitupa tu.

Futa tundu na shina jipya mpaka yakauke kabisa. Grisi haitakiwi hapo. Sukuma shina kwa mkono na ulitikise: likiyumba, tundu limelika, na dawa yake ni kubadili mkono wenyewe, wala si kukaza zaidi. Shina likizunguka pamoja na nati, inua jointi taratibu kwa jeki mpaka tepa ishike. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Tundu la splitipini lisipolingana na mwanya wa nati, endelea kukaza hadi mwanya unaofuata. Usirudishe nyuma kamwe! Tepa iliyolegezwa hucheza, hula tundu, na mwisho shina hukatika barabarani.

Kabla ya kukaza klampu zinazobana endi kwenye fimbo, hakikisha thredi zimeingia kupita sehemu zinapobana, na jointi zote mbili ziko katikati ya mwendo wake, vinginevyo moja itagota mapema. Tia grisi mpaka buti ianze kuvimba kidogo, uache.

Rudisha urefu ulioandika. Kisha piga alama katikati ya kila tairi la mbele na upime umbali kati ya alama hizo, kwanza zikiwa mbele, halafu sukuma gari hadi alama zifike nyuma, kimo kile kile. Malori mengi hutaka mbele pawe padogo kwa milimita chache. Fuata kitabu cha gari lako. Kipimo hicho cha mkono kinatosha kukufikisha kwenye mashine ya alaimenti, ya kunyoosha magurudumu. Kabla hujatoka, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, ukiangalia boliti za klampu zisiguse ekseli wala mpira wa breki.