Viunganishi Tegemezi vya Kiingereza na Mazoea Tuliyoyatoa Kwenye Kiswahili

Sisi ambao kazi yetu ni kuhariri barua na ripoti za Kiingereza zilizoandikwa na watu waliolelewa katika Kiswahili huona makosa ya aina moja yakijirudia, na mengi kati yake hayatokani na uhaba wa msamiati. Mwandishi anayajua vizuri maneno "because", "although", "when", "before" na "unless". Kinachomponyoka ni namna maneno hayo yanavyofunga kishazi kimoja (fungu la maneno lenye kitenzi chake) kwenye kingine, kwa kuwa Kiswahili nacho kina namna yake ya kufunga, na mara nyingi fundo lenyewe huwekwa ndani ya kitenzi.

Tuchukue neno "alipofika". Ndani yake mna mtenda, mna wakati uliopita, mna tendo lenyewe, na mna kiambishi -po- kinachomwashiria msikilizaji kwamba maelezo hayajakamilika na kwamba jambo lingine linafuata. Kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi ya kiambishi kama hicho, kwa hiyo kazi yake hufanywa na neno linalojitegemea, "when", ambalo husimama mwanzoni mwa kishazi. Vivyo hivyo, -ki- ya "ukimwona" huhitaji "if" au "when" kulingana na muktadha. Neno hilo la mwanzoni ndilo kiunganishi tegemezi, na kishazi kinachoongozwa nalo, ijapokuwa kina kiima na kitenzi chake, hakiwezi kusimama kama sentensi kamili.

Hivyo mtu akiandika "Because the bridge was closed" kisha akaweka nukta, amemwacha msomaji akingoja. Katika mazungumzo jibu kama hilo linatosha, maana aliyeuliza swali ameshatoa nusu ya sentensi, lakini katika maandishi rasmi ni lazima kishazi huru, yaani kinachoweza kusimama chenyewe, kiwepo: "Because the bridge was closed, the bus turned back." Hapa inafaa kuondoa dhana moja ambayo wengi tulibebeshwa darasani, kwamba sentensi ya Kiingereza haianzi kwa "because". Inaanza, na wala si kosa, mradi kishazi huru kifuate. Neno hilo, kwa anayependa asili ya maneno, lilizaliwa kutokana na "by cause", yaani limeundwa kwa mtindo uleule wa "kwa sababu" yetu.

Makosa yanayotusumbua zaidi ni ya njeo, yaani wakati unaoonyeshwa na kitenzi. Kiswahili husema "Nitakapofika, nitakupigia simu", na wakati ujao hutajwa mara mbili, kila kishazi na chake. Mwandishi anayefuata nyayo hizo huandika "When I will arrive, I will call you." Kiingereza hutaja wakati ujao mara moja tu, kwenye kishazi huru, na kile tegemezi hubaki katika wakati uliopo: "When I arrive, I will call you." Kanuni hiyo huhusu pia "if", "before", "after", "until" na "as soon as" vinapozungumzia jambo lijalo. Lakini tuangalie tusiitumie mahali pasipohusika. Katika "I do not know when she will arrive", neno "when" halielezi wakati wa tendo lingine. Linabeba swali lenyewe, yaani atafika lini, na hapo "will" inakaa mahali pake. Anayejiuliza kama "when" yake inatafsirika kuwa "lini" au kuwa -po- atakuwa amepata jibu kabla ya kufungua kitabu cha sarufi.

Mtego mwingine umo katika neno "kabla". Kiswahili hupenda kukanusha baada yake: "Tulizungumza naye kabla hajaondoka." Ukanushi huo una mantiki yake, kwa kuwa wakati wa mazungumzo kuondoka kulikuwa hakujatokea. Kiingereza hakioni haja ya kulisema hilo, kwa sababu "before" yenyewe imeshalibeba, na sentensi sahihi ni "We spoke to him before he left." Nimewahi kurudishiwa rasimu yenye maneno "before he has not left", na mwandishi wake alikuwa mtu makini ambaye hangekosea kitenzi kimoja kikiwa peke yake. Ndugu wa kosa hilo ni "unless", ambayo tayari ina ukanushi ndani yake. Tangazo linalosema "You will not be admitted unless you do not show your card" linawaruhusu kuingia wale tu wasioonyesha kadi, kinyume kabisa cha alichokusudia aliyelibandika. Aondoe "do not" na tangazo litanyooka.

Masharti ya kudhania nayo yana shida yake. "Ningejua, ningekuja" ina -nge- pande zote mbili, na ulinganifu huo hupendeza sikioni. Mtu huuhamisha mzimamzima na kupata "If I would know, I would come", wakati Kiingereza huweka "would" upande wa matokeo tu na kukirudisha nyuma kitenzi cha sharti: "If I knew, I would come." Nafasi ikiwa imeshapita, yaani pale ambapo sarufi ya kale ya Kiswahili hutumia -ngali-, huwa "If I had known, I would have come."

Tofauti ya "ingawa" inafahamika zaidi, kwa hiyo nitaipitia kwa ufupi. Wengi wetu husema "Ingawa ni mgonjwa, lakini anafanya kazi", na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hutosheka na kiungo kimoja: ama "Although he is ill, he is working", ama "He is ill, but he is working." Anayetaka kukazia anaweza kuongeza "still" kwenye kishazi huru, kwa kuwa hicho ni kielezi na hakifungi vishazi. Aangalie pia kwamba "although" hufuatwa na kishazi chenye kitenzi, ilhali "despite" hufuatwa na nomino: "despite his illness". Uhusiano huohuo upo kati ya "because" na "because of", na kati ya "while" na "during".

Hadi hapa tumezungumzia usahihi. Uwazi ni jambo jingine, na sentensi inaweza kuwa sahihi huku ikiwa imemtupa msomaji mahali pasipokusudiwa. Kishazi huru ndicho hubeba habari kuu, na kile tegemezi hubeba mazingira yake. Linganisha "Although the machine is expensive, it is reliable" na "Although it is reliable, the machine is expensive." Mambo mawili ni yaleyale, lakini msomaji wa sentensi ya kwanza anaelekea kununua, na wa pili anaelekea kukataa. Kabla ya kuchagua kiunganishi, mwandishi aamue kwanza ni lipi kati ya mambo yake mawili analotaka libaki kichwani mwa msomaji. Ripoti nyingi tunazopokea hukwepa uamuzi huo kwa kuunganisha kila kitu kwa "and": "The pump failed and the technician was called and he came late and the field was not watered." Kila tukio limepewa uzito sawa, na sababu haionekani. Tukiandika "The field was not watered because the technician came late after the pump failed", habari kuu inatangulia na lawama, kama ipo, inajulikana ni ya nani.

Kuhusu alama ya mkato, kishazi tegemezi kikitangulia huwekewa mkato mwishoni mwake. Kikifuata, kwa kawaida hakiwekewi, isipokuwa pale kinapoleta ukinzani, kama kwa "although" na "whereas".

Viunganishi vingine vina sura mbili. "Since" huweza kuwa "tangu" au "kwa kuwa", na sentensi kama "Since the manager left, sales have fallen" haisemi kama kuondoka kwa meneja ndiko kulikoporomosha mauzo au kulitangulia tu. "As" huweza kuwa "kwa kuwa", "wakati" au "kama", na "while" huyumba kati ya wakati na ukinzani. Katika maandishi yenye dhima, kama mikataba na maelekezo ya usalama, mimi huyaondoa yote matatu na kuweka "because", "when" au "whereas", hata kama sentensi itapoteza ulaini kidogo.

Hata "because" yenyewe hugeuka baada ya ukanushi. "She did not resign because of the pay" inaweza kumaanisha kwamba alibaki kazini, na mshahara ndio uliomzuia. Inaweza pia kumaanisha kwamba aliondoka, ila kwa sababu nyingine. Katika mazungumzo mpando na mshuko wa sauti ungetusaidia. Kwenye karatasi sauti hiyo haipo. Dawa ni kuivunja sentensi na kuijenga upya. Kwa maana ya kwanza, sababu itangulie: "Because of the pay, she did not resign." Kwa maana ya pili, kuondoka kutajwe waziwazi: "She resigned, but not because of the pay."