Uchungu umeanza, nilale au nitembee? Maswali mnayoniulizaga kliniki

Mi ni mkunga, nafanya kazi hapa Dodoma. Haya nayasikia karibu kila siku ya kliniki, hasa kwa wenye mimba ya kwanza.

Nesi, mama mkwe anasema uchungu ukianza nilale nitunze nguvu. Ni kweli?

Kama ndo kwanza unaanza na ni usiku, lala kwa ubavu upumzike, yuko sahihi. Ila ukishachanganya, yaani njia (mlango wa kizazi) imefunguka sentimita 5 kwenda mbele, usijilaze chali ukabaki hivohivo. Tembea, simama, egemea ukuta, piga magoti, badilisha badilisha. Ukiwa wima uzito wa mtoto mwenyewe unamshusha, kichwa kinakandamiza mlango wa kizazi nao unafunguka. Tafiti zilizokusanya wamama maelfu zimeonyesha waliokuwa wima au wakitembea, hatua ya kwanza ya uchungu iliisha mapema kwa kama saa 1 na dakika 20 hivi, na waliofanyiwa upasuaji walikuwa wachache zaidi. Saa nzima kwa mtu aliye kwenye uchungu ni kubwa jamani.

Kwani chali kuna ubaya gani, mbona vitanda vya leba vimekaa hivo?

Kile kitanda kinamrahisishia anayezalisha aone vizuri, nawaambia ukweli. Kwako wewe tumbo la miezi tisa ni zito, ukilala chali linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha inashuka, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, jasho linakutoka, na damu inayomfikia mtoto inapungua. Ukigeukia ubavu wa kushoto tu unaanza kusikia nafuu. Halafu mfupa wa mkia ukiulalia hauwezi kurudi nyuma kumpisha mtoto, wakati ukichuchumaa au ukipiga magoti nyonga inatanuka.

Maumivu yangu yote yako mgongoni, tumboni hata siyasikii sana.

Mara nyingi hapo mgongo wa mtoto umeelekea mgongo wako. Piga magoti, weka mikono chini. Kuna binti alitoka upande wa Bahi na mama yake, sentimita 6, analia mgongo tu. Tukamtandikia mkeka na kanga mbili chini, akapiga magoti akawa anaenda mbele anarudi nyuma kama mtu anayesaga uwele kwenye jiwe, na kila uchungu ukija mama yake anakunja ngumi anamkandamiza pale juu ya makalio. Hakuna aliyewafundisha ule mwendo, ulikuja wenyewe, na kelele zikageuka kuwa kupumua. Siwaahidi kwamba lazima mtoto atageuka, ila mgongo unapoa, hilo nimeliona mara nyingi sana.

Na wakati wa kusukuma?

Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linasema mama mwenyewe achague mkao. Wanaojifungua wima wanaongezwa njia, yaani kukatwa kidogo ukeni ili mtoto apite, mara chache kuliko waliolala chali. Kuna upande wa pili pia, damu inaweza kutoka nyingi kidogo, ndo maana uwe na mkunga pembeni na ile sindano ya kuzuia damu uchomwe mtoto akishatoka. Na usianze kusukuma njia haijafunguka yote eti kwa sababu umechuchumaa.

Nani asitembee?

Anayetoka damu, mwenye presha ya juu sana au dalili za kifafa cha mimba, aliyechomwa dawa ya kumlegeza, na ambaye chupa imepasuka kichwa cha mtoto bado kiko juu, huyo asubiri apimwe kwanza. Ukiona kitovu, ile kamba ya mtoto, kimetangulia kutoka kabla ya mtoto, piga magoti, kichwa chini makalio juu, na watu wakukimbize hospitali sasa hivi.

Nesi akinilazimisha chali je?

Ongea naye mapema, usingoje mpaka unasukuma. Mwambie "nesi, naomba nilale ubavu". Hata wodi ikiwa imejaa ubavu unawezekana, mapigo ya moyo ya mtoto yanasikilizwa vizuri tu na unaweza kuzaa hivo, mtu akushikie mguu wa juu. Anapotaka kupima njia geuka, akimaliza rudi ubavu. Na kojoa kila baada ya masaa mawili hivi maana kibofu kikijaa kinamzuia mtoto kushuka, tena kwenda chooni na kurudi hapo umeshatembea, ila usiende peke yako.