Ruzuku ya bima ya afya binafsi ni nini?

Ni fedha za serikali zinazobeba sehemu ya ada ambayo mwenye bima angeitoa mfukoni. Serikali haimtibu kwa fedha hizo wala haimkatii bima. Inampunguzia bei tu, na mkataba unabaki kati yake na kampuni.

Walioing'ang'ania sera hii kuliko wengi ni Australia. Kule kuna Medicare, bima ya umma iliyoanza 1984, na mgonjwa anatibiwa bure katika hospitali ya umma. Bima binafsi ni ya anayetaka zaidi: kuchagua daktari wake, kulazwa hospitali ya binafsi, au kufanyiwa upasuaji wa goti bila kusubiri foleni ndefu. Medicare ilipoanza, karibu nusu ya wananchi walikuwa na bima binafsi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 walibaki kama 30 kwa kila 100.

Walikimbia kwa sababu ya bei, na bei ilipandishwa na kule kukimbia kwenyewe. Sheria ya Australia wakati huo iliikataza kampuni kumtoza mzee mgonjwa zaidi ya kijana mzima kwa bima ileile. Ni haki, lakini kijana anapiga hesabu, anaona analipia asichotumia, anajitoa. Ni kama chama cha kufa na kuzikana kilichobakiwa na wazee watupu: matukio ni yaleyale, wachangaji wamepungua. Ada inapanda, na mwingine naye anatoka.

Januari 1999 serikali ikaanza kurudisha asilimia 30 ya ada kwa kila mwenye bima, tajiri kwa maskini. Ungetegemea watu wamiminike. Wapi! Waliongezeka kiduchu. Kilichowatoa mbio ni kanuni ya Julai 2000: ukishavuka miaka 30 bila bima ya hospitali, kila mwaka unaochelewa unakuongezea asilimia 2 ya ada. Anayejiunga mara ya kwanza akiwa na miaka 40 anaongezewa asilimia 20, na nyongeza hiyo anaibeba miaka 10 mfululizo. Kama ada ya kawaida ni dola 2,000 kwa mwaka, yeye analipa 2,400. Katika miezi michache, wenye bima wakafika kama 45 kwa kila 100.

Kwa hiyo mtu akikuambia ruzuku ndiyo iliyookoa bima za Australia, mwulize habari ya mwaka 2000. Na kulikuwa na fimbo nyingine tangu 1997: mwenye kipato kikubwa asiye na bima ya hospitali anakatwa kodi ya ziada, ambayo siku hizi ni kati ya asilimia 1 na 1.5 ya kipato. Matokeo yake, wapo wanaonunua bima ya bei ya chini kabisa isiyogharimia mambo mengi, ili tu wakwepe kodi hiyo.

Ruzuku yenyewe imepunguzwa makali. Tangu Julai 2012 inategemea kipato, na wa juu kabisa hawapati kitu. Tangu 2014 asilimia zake zimekuwa zikishuka kidogo kidogo, kwa kuwa ada zinapanda haraka kuliko bei za vitu vingine. Bado inakula mabilioni ya dola kila mwaka, na wapo wachumi wanaohoji kwa nini fedha hizo zisipelekwe moja kwa moja kwenye hospitali za umma. Hoja yao ina uzito, maana anayenufaika kwanza ni yule aliyekuwa na uwezo wa kukata bima.

Kenya ina njia inayofanana na hii, ila inapitia kwenye kodi: anayelipia bima ya afya anapunguziwa kodi ya mapato kwa asilimia 15 ya ada yake, kikomo kikiwa shilingi 60,000 kwa mwaka. Mama mboga asiyelipa kodi ya mapato hapati nafuu hiyo hata akikata bima.