Kabla simu haijalia: bondia anatoka wapi mpaka avae mkanda

Jimu yetu ya ngumi hapa Mwanga, Kigoma, inajaa mbalamwezi ikiwaka. Mgeni anaweza kudhani tuna mambo yetu ya kienyeji, kumbe ni dagaa tu. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti kitu, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inalala Kibirizi na Katonga na vijana hawana la kufanya, basi wanakuja kwangu kupiga begi. Giza likirudi nao wanarudi ziwani, nabaki na watatu wanne hivi, na hao ndo mabondia wenyewe.

Nafundisha ngumi hapa Kigoma mwaka wa 12 huu. Kabla ya hapo nilipigana mwenyewe, ridhaa mara 11 na za kulipwa mara 4 tu, nitawaambia kwa nini ziliishia 4. Swali ambalo naulizwa kuliko yote, stendi, sokoni, mpaka msibani jamani, ni hili: "Kocha, kutoka mwanzo mpaka ubingwa inachukua miaka mingapi?" Leo naandika jibu refu ili siku nyingine nikiulizwa natuma linki naendelea na uji wangu.

Miaka sio kipimo kizuri. Vasyl Lomachenko wa Ukraine alichukua mkanda wa dunia mwaka 2014 kwenye pambano lake la 3 tu la kulipwa, watu wakasema muujiza, lakini huyo jamaa alikuwa ameshapigana ridhaa karibu mara 400 na akapoteza moja, na ana dhahabu mbili za Olimpiki. Sasa huo ni muujiza gani? Muhammad Ali naye, wakati huo bado Cassius Clay, alianza na miaka 12 pale Louisville baada ya kuibiwa baiskeli, akachukua dhahabu Roma mwaka 1960, na Februari 1964 akamtoa Sonny Liston. Hapo ilikuwa miaka isiyofika minne ya kulipwa, mapambano 20. Ila nyuma yake kulikuwa na ridhaa mara kama 100. Watu wanahesabu kuanzia pale kamera zilipowashwa.

Ngumi ni mchezo wa simu, na hili halisemwi. Promota ameshalipia ukumbi, mabango yamebandikwa, halafu bondia mmoja anaumia mazoezini au kibali cha kusafiri kimegoma au uzito umemshinda, hapo ndo simu zinaanza kupigwa, wa kwanza anakataa, wa pili anakataa, mpaka inafika kwa kijana wa mwisho wa reli huku. Karibu kila bondia mkubwa wa Afrika ana hadithi ya simu ya namna hiyo. Na karibu kila bondia aliyepotea anayo pia.

Azumah Nelson wa Ghana, Julai 1982, alikuwa na mapambano 13 ya kulipwa, hajapoteza hata moja, na nje ya kwao hajulikani. Mpinzani wa Salvador Sanchez akajitoa, akaitwa yeye, zimebaki wiki chache, aende New York, Madison Square Garden, raundi 15 na bingwa wa dunia. Alipigwa, raundi ya 15 refa akasimamisha. Lakini alisimama na Sanchez mpaka raundi ya mwisho kabisa na dunia ikamjua kwa kupigwa kule. Desemba 1984 akaenda San Juan nyumbani kwa Wilfredo Gomez, akamlaza raundi ya 11, mkanda wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, ukaenda Accra. Kabla ya yote hayo alikuwa na dhahabu ya Jumuiya ya Madola ya 1978, kwahiyo New York hawakumkuta mtoto.

Na wetu Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, Septemba 2018 aliingia Birmingham kuziba nafasi, apigane na Sam Eggington aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Mgeni, kona ya mgeni, hakuna aliyemtegemea. Raundi ya 2 Eggington kaisha. Nakumbuka siku ile hapa Mwanga watu waliocheka ngumi miaka yote walikuja kuniuliza mwanangu anaweza kuanza lini.

Sasa na mimi. Mwaka 2009 nikapigiwa, zimebaki siku 5, pambano la raundi 6 Dar, uzito kilo 61. Mimi niko na 66. Nikasema naja, maana nilikuwa kijana na kijana hajui kusema hapana kwenye hela. Siku mbili kati ya hizo tano ziliishia kwenye treni. Nimevaa makoti mawili behewani, jua la Uvinza hilo, sinywi maji, natema mate kwenye chupa, abiria wenzangu wananihamia viti wakidhani nina TB. Tulivyofika Saranda, mnaojua treni ya kati mnajua kuku wa Saranda, dirisha zima harufu ya kuku na mama mmoja ananisukumia paja mpaka puani, nikalia. Sio utani, nililia machozi kabisa halafu nikafurahi kwa sababu na machozi nayo ni uzito.

Uzito nilipata. Pambano nikapoteza raundi ya 4, TKO, yani refa akasimamisha. Mikono ilikuwepo, miguu haikuwepo. Promota alisema laki 3, akanipa laki 1 na 20, nyingine "nakutumia", mpaka leo anatuma. Nikapigana mara tatu zaidi namna hiyo hiyo nikaacha.

Tofauti yangu na Azumah sio moyo. Moyo ninao mpaka leo. Tofauti ni kilichokuwemo ndani kabla simu haijalia, na hapo ndo kazi ya kocha ilipo.

Miezi 6 ya kwanza kwangu hupigani na mtu. Wengi wanakimbia hapo. Ni miguu, kamba, kutembea na jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, mbele ya kioo, kurudisha mkono kidevuni, basi. Vijana wa ziwani wanakuja na mgongo kama ukuta, kuvuta nyavu usiku kucha sio mchezo, wakikupiga unasikia mpaka kwenye visigino. Ila wanapiga kama wanapiga kasia, mkono unazunguka mbali halafu unabaki huko huko mbele unaangalia mandhari, na kidevu kiko wazi kinasubiri. Kumfundisha mvuvi kurudisha mkono inanichukua muda mrefu kuliko kumfundisha mwanafunzi asiye na nguvu kabisa. Begi langu la kwanza lilikuwa kiroba cha mchanga, kosa kubwa, mchanga unashuka chini unakuwa jiwe na juu panabaki laini, vijana wawili waliumia vifundo vya mikono. Siku hizi najaza nguo za mitumba zilizochanika, nazikata vipande nashindilia taratibu, na kila baada ya wiki chache nalishusha nalishindilia upya.

Halafu ridhaa. Ridhaa ni raundi 3 za dakika 3, yani dakika 9 kwa wakubwa, majaji 5 wanaangalia nani kapiga safi. Kwenye mashindano unaweza kupigana mara nne ndani ya wiki, kila asubuhi ya pambano unapanda mizani na daktari anakuangalia, ukipigwa nokauti ya kichwa unakaa nje siku zisizopungua 30. Wanaume wakubwa waliacha kuvaa kofia za kinga tangu 2013, kwahiyo usidhani huko ni kitoto. Uzuri wa ridhaa ni kwamba humchagui mpinzani. Leo mrefu, kesho mkono wa kushoto, keshokutwa mwanajeshi anayekula, kulala na kufanya mazoezi kwa ratiba, maana timu za majeshi ndo zimebeba ridhaa ya nchi hii. Unajifunza kufikiri mtu anapokuchanganya.

Na tumeshatoa watu huko. Titus Simba, fedha ya Madola Edinburgh 1970. Michael Yombayomba, dhahabu Kuala Lumpur 1998. Birmingham 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakaja na shaba. Ukiuliza vijana kumi hapa jimu, tisa hawamjui Yombayomba, na wote kumi wanajua Ali alimpiga Foreman Kinshasa 1974 raundi ya 8. Sawa, Kongo tunaiona ng'ambo ya ziwa, lakini jamani.

Kwangu mimi kijana haendi kulipwa kabla ya mapambano 30 ya ridhaa. Makocha wengine wataniambia huku Kigoma 30 yanapatikana wapi, na wana haki, mashindano ni machache na nauli ni kubwa. Ndo maana wanaruka. Mimi niliruka na 11.

Ukishaenda kulipwa kila kitu kinabadilika. Unahitaji leseni ya kamisheni ya ngumi na vipimo vya afya, na mizani unapanda siku moja kabla, kwahiyo kishawishi cha kujikausha kinakuwa kikubwa maana unajiambia nina saa 24 za kunywa maji. Mwili haujui hesabu hiyo, hasa maji yanayouzunguka ubongo. Glovu zinapungua: kilo za chini ridhaa tunavaa aunsi 10, kulipwa aunsi 8, na dakika zinaongezeka. Unaanza raundi 4, unapanda 6, 8, 10, na ubingwa wa dunia ni 12, dakika 36. Zamani zilikuwa 15 kama zile za Azumah, zikaanza kupunguzwa baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufariki mwaka 1982 kufuatia pambano lake na Ray Mancini. Robert Wangila wa Kenya, dhahabu ya Seoul 1988, alifariki Las Vegas 1994 baada ya pambano. Mzazi akiniletea mtoto hayo mawili namwambia siku ya kwanza, wengine wanaondoka naye, sawa tu.

Na hapa sasa mpinzani anachaguliwa. Hii ndo siri ya rekodi zote mnazoziona. Bondia mwenye menejimenti nzuri anapewa wa kumfundisha kitu kimoja kimoja: huyu mgumu lakini mzito, huyu mwepesi lakini hana ngumi, huyu mzee mjanja. Akifika raundi ya 10 ameshaona kila kitu kwa zamu, anachukua mkanda wa taifa, wa kanda, wa Afrika, anaingia kwenye 15 bora wa moja ya mashirika manne ya mikanda ya dunia, WBA, WBC, IBF au WBO, hapo sasa anaweza kugombea dunia. Upande wa pili yupo anayechaguliwa ili apigwe. Rekodi ya 20 kwa 0 nikiiona siulizi ameshinda ngapi, nauliza aliwapiga wakina nani na wapi. Ilunga Makabu wa Kongo alipigwa kwenye pambano lake la kwanza kabisa, na Januari 2020 akachukua mkanda wa WBC palepale Kinshasa. Moja ya kupoteza haimuui bondia. Kinachomuua ni kupangwa upande wa wale wa kupigwa mara nne tano mfululizo mpaka jina lake linaandikwa huko.

Juzi namfunga dogo mmoja bandeji. Bandeji naifunga vidole vimetanuliwa, sio ngumi imekunjwa, maana ukifunga imekunjwa akinyoosha inabana na mkono unakufa ganzi raundi ya 2. Gumba kwanza, kifundo mara tatu, halafu napitisha katikati ya vidole nakuja kujenga juu ya vifundo vya vidole, pale ngumi inapogonga. Nimemaliza wa kulia, simu yake ikaanza kutetemeka kwenye benchi.

Dar. Jumamosi. Raundi 8, kilo 61.2. Leo ni Jumanne. Dogo ana ridhaa 23 na hajawahi kupigana zaidi ya dakika 9. Hela aliyotajiwa sitaitaja, mama yake anauza dagaa Kibirizi na alikuwepo kaleta maji ya kunywa, akasikia, akaniangalia akasema taratibu, "Mwalimu, hiyo ni injini ya mtumbwi."

Sikumjibu, maana ni kweli. Nikamwambia dogo panda mizani. 64.8. Nikamwambia mpigie, weka spika, uliza mpinzani nani. Akauliza, shikamoo nyingi, heshima zote. Jamaa akasema, "We njoo tu mdogo wangu, utamuona huku huku."

Dogo akakaa kimya na simu kama dakika nzima, mama yake naye kimya. Halafu akasema asante kaka, hii nitaiacha, akakata. Mama akabeba ndoo yake akatoka bila kuaga, na mimi namuelewa vizuri sana.

Dogo akanyoosha mkono wa kushoto, vidole vimetanuliwa. "Malizia na huu, kocha."