"Baba" halikuja na jahazi

Mwambao una maneno mengi yaliyotoka ng'ambo, na pengine ndiyo maana dai hili halifi: kwamba "baba" tumelikopa kwa Waajemi au Waturuki, kwa kuwa nao husema hivyo hivyo. Kufanana huko ni kweli, lakini hakuthibitishi mkopo.

Tazama bara kwanza. Wazulu husema "ubaba", Washona "baba", Wasukuma "baba". Ni lugha za Kibantu, ndugu za Kiswahili, na neno hilo limo ndani yake bila kuhitaji bandari yoyote. Kiarabu sanifu, kilichotupa "kitabu" na "habari", chenyewe humwita baba "ab".

Kisha nenda mbali zaidi. Wachina nao husema "baba", na maana ni ile ile. Kwa Warusi "baba" ni mwanamke, hasa wa kijijini au mzee. Kwa Wajojia, watu wa nchi ya Georgia, baba mzazi ndiye "mama", na mama huitwa "deda"!

Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili mwaka 1960. Mtoto mchanga huanza na sauti nyepesi: midomo hufungwa ikatoa b, p au m, kisha kinywa hufunguka kwa a. Hurudia tu, ba-ba, ma-ma, bila kumtaja mtu. Wazazi ndio huzipa sauti hizo maana, kila jamii kwa namna yake. Kwa hiyo, neno moja linaweza kuzaliwa mara nyingi, mahali pengi, bila undugu wowote.