Orodha ya maneno magumu haitakuvusha: dhana potofu kuhusu mitihani ya Kiingereza

"Mwalimu, maneno yote ya kwenye orodha nimeshayakariri, mbona ufahamu bado unaniangusha?"

Wanafunzi huniletea swali hili kila msimu wa kuomba vyuo na kazi za nje ukikaribia. Safari hii aliyeniletea ni dada muuguzi, mtu aliyezoea wodi na mwenye bidii isiyo na shaka. Simu yake imejaa picha za kurasa za msamiati: "ubiquitous", "plethora", "exacerbate". Mwamshe usiku wa manane, atakutajia maana zote. Lakini kipengele cha kusoma cha IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ambao alama yake ya juu ni 9, kimempa 5.5, na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza linataka 7. Naandika haya kwa ajili yake na kwa ajili ya wote wanaouziwa orodha za aina hiyo, kwa sababu inaniuma kuona juhudi kubwa namna hii ikipotea bure.

Dhana: ufahamu ni msamiati, ukijua maneno magumu mengi, umepita

Tuanze na hesabu. Mwaka 2000 watafiti Marcella Hu na Paul Nation walionyesha kwamba msomaji akitaka kuielewa matini vizuri bila msaada, inampasa ajue karibu asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Yaani katika kila maneno 50, geni liwe moja tu. Watu wakisikia hivyo hukimbilia orodha ya maneno magumu, bila kuuliza hiyo asilimia 98 imejazwa na nini.

Imejazwa na maneno ya kawaida. Mwaka huohuo Averil Coxhead, wa New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) baada ya kuchambua matini za vyuo vikuu. Aliona kwamba maneno 2,000 ya kila siku, yale yaliyoorodheshwa na Michael West mwaka 1953, yanafunika asilimia 76 ya matini hizo. Familia zake 570 zinaongeza asilimia 10. Na hizo 570 zenyewe si za kutisha: "assume", "context", "factor", "period", "require", "significant", "vary". Ukiitafuta "ubiquitous" humo huipati, wala "plethora".

Sisemi msamiati hauna kazi. Nation alikadiria baadaye kwamba kusoma magazeti na riwaya za Kiingereza bila kukwama kunahitaji familia 8,000 hadi 9,000 za maneno. Lakini msamiati wa kiasi hicho hujengwa kwa kusoma miaka na miaka. Haukaririwi wiki tatu kabla ya mtihani, na anayekuahidi kwamba utaukariri anataka pesa yako.

Maneno yanayowaangusha watahiniwa wangu ni yale wanayoamini wanayajua. "Account" wanaijua, ni ya benki. Kisha wanakutana na "the drought accounts for only part of the decline", wanapita haraka bila kuona kwamba mwandishi amesema ukame ni sababu mojawapo tu ya huko kupungua. "Yet" wanaijua. Halafu inakuja "the theory has yet to be confirmed", na nusu ya darasa inasoma kwamba nadharia imekwisha kuthibitishwa, wakati haijathibitishwa mpaka leo. "The species had all but disappeared": wanaona "all", wanaona "disappeared", wanaandika kwamba spishi ile ilitoweka yote. Ilikuwa karibu kutoweka. Hakuna orodha ya maneno magumu itakayokufundisha "all but", kwa sababu maneno yote mawili umeyajua tangu darasa la tatu.

Kisha kuna maswali ya True, False na Not Given, yaani unapewa kauli, useme kama matini inakubaliana nayo, inaipinga, au haijasema lolote. Ndiyo hasa yanayomrudisha nyuma dada yetu. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mtindo wa mtihani: "Until the 1990s, most farmers in the valley relied on rainfall alone." Hapo hakuna neno ambalo mhitimu wa kidato cha nne hajawahi kuliona. Sasa zipime kauli tatu dhidi yake.

Ya kwanza: "Before the 1990s, the majority of the valley's farmers depended solely on rain." Hii ni True. Maneno yamebadilishwa, maana ni ileile, na wengi huipata.

Ya pili: "Before the 1990s, every farmer in the valley depended on rain alone." Hapa watu huanza kuanguka. Mtahiniwa anaona mwaka upo, wakulima wapo, mvua ipo, "alone" ipo, anajaza True na kusonga mbele. Hakuona kwamba "most" imeondoka na "every" imekaa mahali pake. Matini imesema wengi, kauli inasema wote. Jibu ni False.

Ya tatu: "Before the 1990s, harvests in the valley were smaller than they are today." Mpe kauli hii bwana shamba, atajaza True bila kusita, maana kwa taaluma yake anajua kilimo cha kutegemea mvua pekee mara nyingi huleta mavuno machache. Lakini matini haijasema lolote kuhusu mavuno. Jibu ni Not Given. Wauguzi nao hunaswa vivyo hivyo matini ikiwa ya afya: wanajibu kwa yale waliyofundishwa chuoni badala ya yaliyoandikwa mbele yao. Unachoulizwa ni mwandishi huyu amesema nini katika ukurasa huu, basi.

Tazama hasara yake kwa alama. Katika IELTS ya Academic, ile ya wanaoomba vyuo na usajili wa taaluma kama uuguzi, kusoma kuna maswali 40. Kupata 6 unahitaji takriban majibu 23 sahihi, kupata 7 takriban 30. Tofauti ni maswali saba. Seti moja ya True, False na Not Given huweza kuwa na maswali hata sita au saba, kwa hiyo mtu anaweza kukosa kazi nchini Uingereza kwa sababu ya "most", "every", "only", "may" na "hardly".

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nichoke: weka orodha pembeni, soma aya moja kila siku, moja tu, kutoka makala ya kweli ya sayansi au historia. Pigia mstari kila neno dogo linalopima kiasi au uhakika: "most", "some", "rarely", "might", "unless", "despite". Kisha ufunike ukurasa, useme aya ile kwa Kiswahili, kwa sauti. Ukishindwa kuisema kwa Kiswahili, hukuielewa kwa Kiingereza, hata kama ulijua kila neno. Baada ya hapo iandike upya kwa Kiingereza chako mwenyewe bila kubadilisha maana. Wanafunzi huniambia njia hii ni ya polepole. Ni kweli, na waliovumilia nayo ndio ninaowaona wakipanda.

Dhana: sarufi ni kukariri nyakati

IELTS haina karatasi ya sarufi. TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza, wa Kimarekani, ulioanza mwaka 1964, ilikuwa na sehemu yake ya miundo ya sentensi, lakini toleo la intaneti lililoanza 2005 liliiondoa. Hata hivyo bado naletewa madesa ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi, ukurasa baada ya ukurasa, "has gone" au "had gone".

Sarufi hupimwa unapoandika na unapozungumza. Katika IELTS, insha hupewa alama kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mpangilio wa hoja, msamiati, na sarufi. Na katika hicho cha sarufi mtahini anaangalia mambo mawili, usahihi na upana wa miundo. Mtu akiandika sentensi fupifupi zisizo na kosa hata moja hapati alama ya juu, kwa kuwa hajaonyesha kwamba anaweza kuunganisha mawazo mawili katika sentensi moja ndefu iliyosimama sawasawa.

Makosa ya sisi Waswahili yanajulikana, na nyakati si kubwa kati yake. Tunaacha "a" na "the" kwa sababu lugha yetu haina kitu cha namna hiyo. Tunachanganya "he" na "she" kwa sababu kwetu yeye ni yeye. Tunaandika "the patient he was admitted", tukimrudia mtenda kwa mazoea ya kiambishi chetu. Tunasema "I have thirty years". Chukua insha zako tano za mwisho, uhesabu makosa hayo manne tu. Utajua pa kuanzia, na itakusaidia kuliko jedwali lolote la nyakati.

Dhana: nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, mtihani ni kukamilisha taratibu tu

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi. Baadaye mwaka huohuo waziri wa afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10. Mitandao ikajaa kejeli, ya wale waliosema Wakenya hawajui Kiingereza na ya wale waliosema mtihani ni wa kibeberu. Mimi niliwahurumia wauguzi wale, maana naamini wengi wao walihudumia wagonjwa na kuandika ripoti kwa Kiingereza miaka mingi.

Lugha ya kazini haikulazimishi kusoma matini tatu ndefu na kujibu maswali 40 kwa dakika 60. Haikulazimishi kuandika insha ya maneno 250 yenye msimamo na sababu zake. Na masharti ya lile baraza la wauguzi la Uingereza hupimwa kipengele kwa kipengele: 7 kusoma, 7 kusikiliza, 7 kuzungumza, na 6.5 kuandika tangu Desemba 2018. Wastani wa 7.5 wenye 6 ya kusoma haukufikishi. Baraza huruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili kwa masharti yake, kwa hiyo soma masharti hayo kabla ya kulipia mara ya pili. Mwenye Kiingereza kizuri cha kazi anahitaji miezi ya mazoezi ya mtihani wenyewe, na hiyo si aibu.

Nyingine nazisikia sana, nazo ni fupi

General Training, ile IELTS ya pili isiyo Academic, ni rahisi, nitafanya hiyo. Matini zake ni nyepesi kweli, lakini majibu 30 sahihi yanayokupa 7 kwenye Academic, kwenye General Training yanakupa 6 tu. Na mwajiri au chuo ndicho kinachosema kinataka ipi. Baraza la wauguzi linataka Academic. Uliza kabla ya kulipa.

Ukikosea wanakukata alama, bora uache wazi. Hawakati. Kisanduku kilichoachwa wazi ni zawadi uliyoikataa mwenyewe. Zikibaki dakika mbili, jaza vyote.

Wakitaka maneno mawili, nikiandika matatu watanielewa. Hapana. Swali likisema yasizidi mawili, ukiandika matatu unapata sifuri hata kama jibu limo ndani yake. Tahajia nayo huhesabiwa. Ya Kiingereza cha Uingereza na ya Kimarekani zote zinakubaliwa, lakini neno lililokosewa halikubaliwi. Na ukifanyia kwenye karatasi, muda wa ziada wa kuhamishia majibu ni wa kusikiliza tu. Kwenye kusoma haupo. Andika moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu.

Nilifanya jaribio la bure mtandaoni, likaniambia niko C1. Ngazi za A1 hadi C2 ni za Baraza la Ulaya, zilizochapishwa mwaka 2001, na zinaeleza mtu anaweza kufanya nini akisoma, akiandika, akisikiliza na akizungumza. Maswali 20 ya kuchagua jibu hayawezi kuona hayo yote. Yanapima kama unalitambua jibu sahihi ukiwekewa mbele ya macho, na swali la machaguo manne hata asiyejua kitu hulipata mara moja katika nne. Tumia majaribio hayo kujipa mazoezi, usiyatumie kuamua tarehe ya mtihani.

Kuna mtu anauza cheti bila mtihani, au maswali ya Jumamosi ijayo. Huyo ni tapeli. Vyuo, waajiri na balozi huhakiki matokeo moja kwa moja kwa waandaaji wa mtihani, na cheti cha kughushi kinaweza kukufungia mlango wa viza kwa miaka. Nimeona familia ikiuza kiwanja kumlipa mtu wa aina hiyo.

Cheti kikipatikana ni cha maisha. Matokeo ya IELTS huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili. Wapo wanaokimbilia mtihani mapema, kisha maombi ya chuo yanachelewa na wanalazimika kulipa upya. Panga kwanza tarehe ya kuomba, kisha hesabu kurudi nyuma: miezi ya mazoezi, nafasi ya kurudia mara moja ikibidi, na muda wa kusubiri matokeo.